Ndizi, Kahawa na Anayekula Mwisho

Kuna ubishi ambao haukosi kuzuka wanapokutana watu wa Kilimanjaro na watu wa mikoa mingine. Mmoja atasema Mchagga ni mtu wa kujiangalia mwenyewe: anahesabu, anatafuta, ukidondosha sarafu anaisikia hata akiwa usingizini. Mwingine atamjibu: wabinafsi gani hao ambao kila Desemba wanafunga maduka Kariakoo na kujazana kwenye mabasi ya Moshi, mtu anasafiri zaidi ya kilomita 500 ili tu akale nyama ya mbuzi na ndugu zake chini ya migomba? Nimeusikia ubishi huu kwenye daladala, msibani na kwenye kamati za harusi, na kila upande una ushahidi wake. Ndiyo maana nimeanza kuamini kwamba swali lenyewe tunaliuliza vibaya.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kiswahili kimeshatoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Neno tunalolitumia kwa falsafa inayomtanguliza mtu mmoja mmoja ni ubinafsi, na ubinafsi ndilo hilo hilo neno la mtu anayekula peke yake kafunga mlango. Upande wa pili tuna ujamaa, neno lililozaliwa na jamaa, lenye harufu ya nyumbani. Mambo yakiwekwa hivyo, nani atasimama kuutetea ubinafsi? Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, katika insha yake maarufu kuhusu ujamaa, alieleza kwamba katika jamii zetu za zamani hakuna aliyekufa njaa kwa sababu tu hakuwa na mali yake binafsi. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya akaliweka jambo hilo kifalsafa: Mwafrika hajitambui akiwa peke yake, anajitambua kwa kuwa wapo wengine. Ni mawazo mazuri, na sisi ni warithi wake. Lakini ukitaka kujua kama ni ya kweli mahali fulani, usianze na hotuba. Anza na chakula: nani anakilima, nani anakigawa, na nani anakula mwisho.

Wapo wanaosema chakula ndicho kinachoumba tabia ya jamii. Mwaka 2014 Thomas Talhelm na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti waliowafanyia wanafunzi zaidi ya 1,100 wa China. Hoja yao ni hii: mpunga unataka maji ya pamoja na mikono mingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo mikoa iliyolima mpunga kwa karne nyingi imezaa watu wanaofikiri kwa kutegemeana. Ngano mtu anaweza kuilima na familia yake bila kumbembeleza jirani, kwa hiyo mikoa ya ngano imezaa watu wanaojiona zaidi kama mtu mmoja mmoja. Nadharia inavutia. Nikajiuliza: na sisi wa ndizi je?

Kwa asiyepafahamu: ukitoka Moshi mjini ukapanda kuelekea Uru, Kibosho au Old Moshi, unaingia kwenye ukanda wa vihamba. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba. Juu kabisa kuna miti mikubwa, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na mboga, na pembeni zizi la ng'ombe anayeletewa majani ndani. Mara nyingi eneo lote halifiki hekta moja, na kadiri vizazi vinavyogawana ndivyo linavyozidi kupungua. Shirika la FAO limeutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mpaka kati ya kihamba na kihamba ni mstari wa masale. Na jani la mmea huo huo, ukilichuma ukalipeleka kwa uliyemkosea, ni ombi la msamaha. Yaani mmea unaosema "hapa ni kwangu" ndio unaosema "tuyamalize".

Sasa, ndizi yenyewe haimlazimishi mtu kushirikiana na mwenzake. Migomba ikishashika inazaa mwaka mzima; haina msimu mmoja wa kuvuna unaohitaji kijiji kizima. Mama mmoja na panga lake anatosha: leo anakata mkungu wa mchare, wiki ijayo wa kitarasa. Kwa mantiki ya Talhelm tungekuwa kama watu wa ngano, kila nyumba na maisha yake. Na kweli nyumba za mlimani hazijabanana. Kila moja imejificha ndani ya migomba yake.

Lakini kuna mbege. Mbege inahitaji ndizi mbivu, na hizo unazo kwako. Inahitaji pia kimea cha ulezi, na ulezi zamani ulilimwa kiangazi kwa maji ya mfongo. Mfongo ni mfereji unaochukua maji kwenye kijito huko juu na kuyazungusha ubavuni mwa mlima mpaka yafike kwenye vihamba na mashamba, bila pampu. Hakuna familia iliyoweza kuuchimba peke yake, wala kuutunza peke yake. Kila mfongo una watu wake, una zamu za maji, una siku ya kuusafisha, na asiyetokea na jembe anatozwa faini. Kazi ikiisha watu wanakunywa nini? Mbege. Kwa hiyo mbege ilitaka ulezi, ulezi ukataka maji, maji yakataka ushirika, na ushirika ukalipwa kwa mbege.

Tena mbege haikai. Ukishachanganya kimea, una siku chache tu za kuinywa kabla haijachachuka kupita kiasi. Huwezi kuiweka stoo ukisubiri bei ipande. Ndivyo ilivyo ndizi iliyoiva, na ndivyo ilivyo nyama ya ng'ombe aliyechinjwa mahali pasipo na friji. Kitu kinachooza kinakulazimisha kumkumbuka jirani, kwa sababu akiba pekee unayoweza kuiweka ni deni lake kwako: leo anakula kwako, mwezi ujao utakula kwake. Tusijidanganye kwamba ilikuwa hisani tupu. Ilikuwa benki. Na tukumbuke sharti la benki hiyo, maana nitalirudia mbele: ili uwe mwanachama, lazima na wewe uwe na migomba ya kupikia mbege siku yako ikifika.

Kahawa ilikuja na tabia nyingine. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeingia chini ya migomba ya vihamba vingi. Kahawa huli. Ukiikausha, inakaa. Unaipima, unaiuza, na hela yake unaifunga kwenye leso jirani asijue. Kwa nadharia yoyote ya chakula, zao hili lingepaswa kuua ujirani. Ajabu ni kwamba lilizaa ushirika uliokuja kujulikana Afrika Mashariki nzima. Walowezi hawakufurahia kumwona mwenyeji akilima kahawa. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi, ili kulinda haki yao ya kulima, kupambana na magonjwa ya mibuni na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu kilichobeba vyama vya msingi vya mlima mzima. Moshi kuwa na Chuo Kikuu cha Ushirika leo si bahati nasibu.

Hapo nadharia ya chakula inaanza kuyumba. Zao linaloliwa lilikuwa la kila mtu kwake, na zao lisiloliwa likawaunganisha watu. Kilichowaunganisha hakikuwa kahawa. Kilikuwa adui wa pamoja, na kanuni walizokubaliana.

Ushirika nao una sura ya pili. Serikali ya kikoloni ililazimisha kahawa ya wenyeji ipite KNCU, na bei ilipoanguka, mwaka 1937 zikazuka ghasia dhidi ya chama. Je, wale wakulima walikuwa wabinafsi? Ni hao hao waliokuwa wakitoka na majembe kusafisha mfongo. Walichokataa ni ushirika usio na mlango wa kutokea. Baada ya uhuru mambo yakapinduka: mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, halafu miaka ya 1980 ikavirudisha. Waliosoma Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, ya mwaka 1979, wanaujua ujamaa wa namna hiyo, unaoshuka kutoka juu kama amri. Kumlazimisha mtu awe na wenzake na kumkataza asiwe na wenzake ni kosa lile lile: mtu hakuulizwa.

Alikuwepo mtu aliyeuona mlima huu kama kielelezo cha jumuiya kamili. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, miaka mingi ya kazi yake akiwa Old Moshi. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga. Aliamini mtu anakuwa mtu kwa vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Akaogopa kwamba pesa na mji vitavikata. Nikiwaangalia vijana wetu wanaokutana na binamu zao kwenye grupu la WhatsApp tu, siwezi kusema hofu yake ilikuwa ya bure. Lakini sifa za namna hiyo huacha swali moja nje: ndani ya kifungo hicho, sahani zinajazwa sawa?

Mwaka 1975 Marja-Liisa Swantz, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla walitoa, kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utafiti kuhusu sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Kichwa chake tu kinashtua. Moshi! Wilaya ya kahawa, ya shule, ya hospitali mpya ya KCMC, ya ushirika wa miaka zaidi ya arobaini. Na bado kulikuwa na watoto wenye utapiamlo. Watafiti hawakuishia kwenye sahani ya mtoto. Walitazama nyumba alikotoka, wakakuta ardhi isiyotosha, ndoa zilizolegea au kuvunjika, baba aliye mbali au ambaye pesa yake haifiki jikoni, na mama aliyeelemewa na kazi.

Lishe yenyewe inasaidia kuelewa. Ndizi inampa mtu nguvu, ila protini yake ni ndogo. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa ndizi tupu, tumbo linajaa lakini mwili unadhoofika. Anahitaji maharage, maziwa, yai, kipande cha nyama. Na hivyo ndivyo vitu vinavyopita kwenye mikono mingi kabla ya kumfikia: maziwa yanauzwa, mayai yanaenda sokoni, nyama inagawiwa kwa cheo. Ukiukuta utapiamlo katikati ya migomba, usikimbilie kusema chakula hakuna. Tazama kinavyogawanywa.

Kwa desturi ya mlimani, kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Kahawa iliandikwa kwenye daftari la chama kwa jina la baba. Mama alijitwika mkungu kichwani mpaka soko la Mwika au Kiboriloni, akarudi na maharage, dagaa na mafuta ya kula. Hebu tazama kejeli iliyopo hapo. Chama cha baba ndicho kilichoitwa cha pamoja, na biashara ya mama ndiyo iliyokuwa ya mtu binafsi. Lakini hela iliyofika kwenye sufuria ya watoto mara nyingi ilikuwa ile ya mama.

Sisemi mlima haukujua kumlisha mnyonge. Mama aliyejifungua alikaa ndani kama miezi mitatu, akipikiwa mtori, akichinjiwa, asiguse jembe. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Wazee wetu walikuwa wameshafika hapo bila bunge. Ila kulikuwa na masharti. Mtori ule ulikuwa wa mke, aliyeolewa, katika kihamba kinachojulikana. Nimewaona waliozaa nyumbani kwao, na walioachika, mtori wao unavyokuwa maji.

Halafu kuna kisu. Siku ya kuchinja, iwe Krismasi, iwe matanga, kila kiungo cha mnyama kina mtu wake, na kinakwenda kwa umri na nafasi ya mtu katika ukoo. Hakuna anayesahaulika, na huo ni uzuri mkubwa: hata babu asiyetoka kitandani atapelekewa fungu lake. Lakini wanaokata ni wanaume, na wanakata kule nyuma ya nyumba, kwenye moshi wao, na wakiwa kule wanaonja. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hata ndafu ya harusini, yule mbuzi mzima aliyebanikwa na kupambwa, ambaye siku hizi amevuka mlima na kusimama kwenye kumbi za Dar pale ilipokuwa keki, hulishwa kwa mpangilio: wakwe hawa kwanza, halafu wale. Ni chakula, na pia ni orodha ya nani ni nani.

Kama bado una imani na mpunga, shuka tambarare kusini mwa mji, uende Mabogini na Chekereni. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mpunga ukastawi vizuri. Ulistawi mpaka wakulima wa juu ya mto, ambao hawakuwa kwenye mradi, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji hayo hayo. Maji yakapungua huko chini, ugomvi ukaanza. Mpunga ulihitaji ushirikiano, ni kweli, lakini haukuuleta. Walio ndani walikuwa na zamu na kamati. Walio nje hawakuwa na zamu yoyote ya kuiheshimu, na maji yanapita mbele ya macho yao. Ungewategemea wafanye nini?

Haya yote kwangu si ya vitabuni. Katika ukoo wetu kuna mjadala ambao mpaka leo haujafungwa. Dada yetu mmoja ndoa yake ilivunjika, akarudi nyumbani na watoto wawili. Akaomba kipande cha kihamba, migomba kama thelathini hivi, kiwe chake na wanawe. Kikao kikakaa. Baba mkubwa akazungumza kwa upole wote anaojaliwa: ardhi ni ya ukoo, mtoto wa kike hakatiwi, lakini yeye ni damu yetu na hatalala njaa hata siku moja. Tutamlisha. Wengi wakatikisa vichwa kukubali, kwa sababu yalikuwa maneno mazuri, maneno ya kijamaa kabisa. Mgawo wa kwetu unajulikana: wa kwanza anapewa kihamba, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanakwenda kutafuta. Yeye kwenye hesabu hiyo hayumo hata kidogo.

Dada akasimama, akasema, "Baba mkubwa, kulishwa sikatai, na nashukuru. Ila na mimi nataka siku moja niwe nalisha."

Sijasikia falsafa ya jamii iliyonigusa kuliko hiyo sentensi. Ameomba kitu chake binafsi, na sababu yake ni ya pamoja. Anajua kwamba asiye na migomba hawezi kupika mbege, na asiyepika mbege hana zamu. Anabaki mgeni wa kudumu kwa ndugu zake mwenyewe. Nyinyi mnaujua ule usemi wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliupenda, akautumia kukemea uvivu. Mimi nausikia tofauti sasa. Naona ni haki ya mgeni: kumpa jembe ni kumpa nafasi, ni kumwambia wewe ni mmoja wetu. Anayelishwa tu bila kupewa jembe, hata mkimjazia sahani vipi, mmemweka nje ya mfongo.

Ndiyo maana siamini tena kwamba ubinafsi na ujamaa ni ncha mbili za kamba moja, ukisogea huku umeiacha ile. Mlimani, pale vilipofanya kazi vizuri, vilishikana: masale yanaonyesha cha kwako, mfongo unaonyesha cha wote, na bila kimoja kingine kinaharibika. Jamii iliyobaki na masale peke yake ni majirani wanaochunguliana. Jamii inayokupa mfongo lakini inakunyima masale inakugeuza kibarua wa wengine. Na chakula, kiwe ndizi, mpunga au ngano, hakichagui. Kinaonyesha tu tulichochagua.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko upande wa dada: haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Angeweza kwenda barazani na huenda angeshinda. Hataki. Anasema akishinda kule atapata migomba na kupoteza ukoo, na yeye anataka vyote viwili. Kuna watakaomwona mwoga. Mimi naona ndiye peke yake kwenye kikao kile aliyeuelewa ujamaa mpaka mwisho.

Kikao kingine ni Desemba hii, watu wakisharudi. Wa Dar watakuja na mafriza yao, maana siku hizi nyama inayobaki haimfuati jirani tena, inapanda basi kurudi mjini. Nimeshamwambia baba mkubwa kwamba nitazungumza, na nitakachoomba ni kidogo. Kabla ya kujadili ardhi, tuchinje kama kawaida, tugawe kama kawaida, ila mwaka huu kisu ashike dada. Ninavyomfahamu, hakuna atakayekosa fungu. Wakishashiba kutoka mkononi mwake, waseme wenyewe kama huyu ni wa kulishwa.